Hisa za Mama Oliva na paa lisilo na nyumba

Jua halijachomoza vizuri juu ya Newala, na ndoo zimeshapanga foleni. Wenyewe wamerudi kuwasha moto. Ndoo ndizo zinazowashikia nafasi. Bibiana Nikolao, Mama Oliva kwa wanaomfahamu, anapita katikati yake, ufunguo wa bomba shingoni. Kwa mguu anaisogeza nyuma ndoo nyekundu iliyojipenyeza mbele.

"Ya nani hii isiyo na adabu?"

"Shikamoo, Mama Oliva," anaitikia Faidha, msichana wa jirani, akija mbio.

"Marahaba, mwanangu. Lakini shikamoo haihamishi ndoo."

Maji yanatoka kwenye tangi linalojazwa na paa kubwa: mabati juu ya nguzo, bila ukuta hata mmoja. Kampuni moja ya mabati ya Dar es Salaam ililijenga mwaka 2002, kama msaada, likinge mvua kwa ajili ya mji unaohangaikia maji kila kiangazi. Watu walilicheka. Sasa ndoo zao ziko hapa.

Mama Oliva, anayelipwa shilingi elfu thelathini kwa mwezi kulinda bomba, ana hisa kwenye kampuni hiyohiyo. Alizinunua mwaka 2000, miaka miwili kabla ya paa, kupitia benki ya Masasi, korosho zilipompa vizuri: hisa mia nne, kila moja shilingi mia tano. Zilikuwa akiba ya kumsomesha Oliva uuguzi.

"Nilidhani ni kama korosho," anasema. "Ushirika ulikuwa unakupa malipo ya kwanza, unasubiri ya pili. Msimu ulipoisha nikapanda gari mpaka Masasi kudai ya pili. Karani alicheka mpaka akavua miwani!"

Kicheko kilikatika paa lilipojengwa. Mwaka uleule bei ya hisa ikaanguka hadi mia tatu na kumi. Nurdin, mdogo wa marehemu mumewe, akaja juu.

"Shemeji, uza! Wanagawa maji bure, wanakula mtaji wako."

"Kumbe unakunywa mtaji wangu kila siku, shemeji. Mbona hujasema asante?"

Alitania, ila roho haikutulia. Oliva alikuwa kidato cha tatu. Akampigia simu dalali wa hisa Dar es Salaam. Dalali akamweleza kuwa mabati ya nje yalimiminika tangu soko lifunguliwe, ndiyo yaliyoshusha bei. Kuhusu maji, hata madalali wenyewe walikuwa wakibishana: wengine walisema wema unakula faida, wengine kwamba unaleta wateja.

Hakuuza. Mvua zikanyesha, tangi likajaa, na nyumba za nyasi zikaanza kuezekwa kwa mabati ya kampuni ile, zikawekewa na mifereji. Leo hisa moja ni mia sita na arobaini.

"Ni maji au si maji, mimi sijui," anasema. "Ninachojua, Nurdin ameezeka kwa mabati hayohayo. Namshukuru Mungu, nawashukuru na wenye kampuni."

Oliva amepata nafasi chuoni. Mama yake atauza nusu ya hisa kulipa ada. Nusu inabaki, maana anataka kwenda kwenye mkutano wa wanahisa Dar es Salaam.

"Nitaanza na asante. Halafu nitawauliza paa la Lupaso lini, maana dada yangu huko bado anafuata maji mbali."

"Na bei ikianguka tena?" anadakia Nurdin kutoka kwenye foleni.

Mama Oliva anafungua bomba. "Utakuja kunipa pole hapahapa, shemeji, na ndoo yako mkononi."