Mpishi wa Shinyalu na Wanyama Wake Wadogo

Wiki iliyopita nilipigiwa simu nikiwa kwenye kinu changu cha kusaga mahindi hapa Lumakanda. Sauti ya mwanamke, tulivu, ikaniambia, "Mzee, yule wetu wa Shinyalu ametuacha. Ni kifua." Nikamwamuru mtu wa kinu azime mashine, maana nilidhani sikusikia vizuri. Nilikuwa nimesikia vizuri. Aliyefariki alikuwa mzee wa rika langu, aliyefuga wanyama wadogo kando ya msitu wa Kakamega na kuwaonyesha watu kwa kiingilio, na nyinyi mnaonisoma humu gazetini kila wiki mnajua kwamba mimi pia nilikuwa na bustani ya wanyama kama yake hapa kwangu. Sitamsingizia maiti urafiki. Tulikuwa watu wawili wenye kazi ya aina moja, na kila mmoja alijua njia ya kwenda kwa mwenzake bila kuifuata.

Watu walipenda sana kutulinganisha, hasa walimu waliokuwa na wanafunzi wa kutembeza. Kwangu kulikuwa na ukuta wa mawe, vyoo vya maji na vibanda vya waya vilivyopakwa rangi ya kijani, kila kimoja na kibao chake. Nilikuwa na aina kumi na moja: komba, perere, nungunungu, kanu, nguchiro, panya buku mkubwa kama paka, na wengine ambao hata mimi majina yao nilisomewa. Kwake kulikuwa na ua wa miti na aina sita tu. Alikuwa na sange, wale wenye pua ndefu kama mrija, alikuwa na ndezi, wale panya wanene ambao wengi wetu tunawajua kwa mchuzi, alikuwa na komba, popo na kindi, na alikuwa na poto. Poto ni wa msitu wetu huu, ana macho makubwa na vidole kama vya mtoto, na hutembea polepole kama mtu anayetoka hospitalini. Mchana kutwa amelala. Kwa hiyo kwangu ungeona mnyama, kwake ungeona sanduku la mbao alimolala mnyama. Kijana mmoja wa sekondari alitoka kule akaja kwangu akisema, "Buda, kule tumelipa kuangalia mbao." Nilicheka wiki nzima. Tena Shinyalu ni nchi ya mafahali. Mtu aliyezoea kushangilia fahali wawili wakigongana uwanjani, utamweleza nini juu ya sange? Nasikia kuna mmoja aliyemuuliza marehemu kama ndezi anauzwa kilo pesa ngapi, naye akamjibu, "Huyu hana kilo. Huyu ana jina la mama yangu." Yule mtu akavua kofia.

Kabla ya wanyama marehemu alikuwa mpishi wa shule ya wavulana, miaka mingi, mtu wa sufuria na mwiko. Siku moja akaja kwangu bila taarifa, akalipa kiingilio kama mtu yeyote. Nilimtembeza mwenyewe ili aumie vizuri. Kwenye kibanda cha kwanza hakumtazama mnyama. Alichuchumaa akatazama sahani. Cha pili akatazama sahani, kisha akachukua kijiti akachokoa mavi. Mimi nikaona ni matusi.

"Wewe umekuja kuona wanyama ama umekuja kuosha vyombo?"

"Nimepikia vijana, mzee," akasema. "Kijana hatakuambia ana homa. Lakini chakula kikirudi jikoni, umejua. Hawa wako wanarudishanga."

"Mimi nina aina kumi na moja. Wewe una ngapi?"

"Sita."

"Basi."

"Basi," akakubali. Akafuta kijiti chake kwenye nyasi. "Kati ya hizo kumi na moja, ni gani imezaa hapa?"

Hakuna iliyokuwa imezaa. Kwake sange walizaa, komba walizaa, ndezi walizaa mpaka akawa anawarudisha porini kwa ruhusa ya watu wa wanyamapori. Nilimsindikiza hadi langoni nikamwambia arudi siku nyingine, na kwa sauti niliyotumia alijua maana yake ni asirudi.

Halafu kukawa na ile habari ya kakakuona, ambayo niliiandika humu humu kwa majivuno, na wengine wenu mtaikumbuka. Maafisa walimnyang'anya mtu mmoja gunia barabarani, ndani yake wakamkuta kakakuona mzima, magamba kama ya samaki, amejikunja kama mpira. Wakamleta kwangu kwa sababu kwangu kuna ukuta. Watu walijaa. Ila mnyama hakula. Nilimpa mayai, nikampa maziwa, nikampa nyama ya kusaga, nikampa hata uji. Siku ya pili mpishi akanipigia simu. "Mzee, huyo hatakula kwa sahani. Yeye anataka kutembea, atafute sisimizi mwenyewe, achimbe. Nipe nitembee naye msituni."

"Ili watu waje kwako."

"Basi asije kwangu. Mimi nije huko, nitembee naye kwa shamba lako. Nitalala kwa stoo."

Nikakata simu. Siku ya sita asubuhi nilimkuta yule mnyama amejikunja vilevile, lakini ukimgusa hajikazi tena. Niliwaambia watu amekufa kwa ugonjwa aliotoka nao ndani ya gunia, na watu wakaamini. Mpishi alijua. Nilingoja aseme. Nilingoja miezi. Mwalimu mmoja alipomuuliza ni bustani gani nzuri kati ya hizi mbili, aliambiwa, "Ya Lumakanda iko na ukuta. Kwangu mbwa wananisumbuanga sana." Mwalimu aliniletea maneno hayo akidhani ananifurahisha. Mwaka uliofuata nilirudisha wanyama wangu kwa maafisa na kufunga lango. Humu niliwaandikia kwamba wageni wamepungua. Haikuwa kweli. Wageni walikuwa wengi kama zamani, ni mimi niliyekuwa siwezi tena kupita mbele ya kile kibanda.

Nimewachosha miaka yote hii na habari za darasa la nne nilikoishia. Nimewaeleza jinsi nilivyobeba magunia, jinsi nilivyojenga kinu cha kwanza huku fundi mwenye diploma akisimama pembeni akicheka, na jinsi kinu kile kinavyosaga hadi leo. Nimewakemea wenye vyeti wasiotaka kumsikiliza mtu anayejua kwa mikono. Nilikuwa na haki ya kuwakemea. Lakini siku mtu anayejua kwa mikono alipokuja kwangu, nilimwona mpishi tu. Nilimfanyia kile nilichofanyiwa, tena mimi nikiwa na sababu zote za kutokufanya. Nchi hii imejaa watu wa namna yangu, waliopanda kwa taabu na kisha kuvuta ngazi juu, na huwa hatujioni kwa sababu macho yetu yako kwa wale waliotucheka zamani.

Jumamosi nilikwenda mazishini. Kabla ya ibada wazee wa kamati ya mazishi waliniita nyuma ya nyumba pamoja na mjane. Mwenyekiti akasema, "Mzee, wewe una ukuta, una vibanda vitupu, kibali chako bado hakijaisha. Hawa wanyama watakufa hapa. Wachukue. Tutaandika jina lako na lake langoni." Mjane akasema, "Wachukue tu, baba. Mimi sijui hata wanakula saa ngapi." Nisiwafiche kitu, moyo wangu uliruka. Niliona mabasi ya shule yakirudi. Hapo yule mwanamke aliyenipigia simu, aliyefanya kazi na marehemu miaka tisa, akasogea na kikapu chake cha ndizi mbivu.

"Poto ana mtoto mchanga, amemshika tumboni," akasema. "Mkimbeba kwa gari sasa, atamwacha."

"Mama, ngoja wazee waongee," mwenyekiti akamwambia.

"Nimengoja. Mtoto ndiye hawezi kungoja."

Nikamuuliza kama anamkumbuka kakakuona wangu. Akasema anamkumbuka. Nikamuuliza marehemu alisema nini juu yangu wakati ule, na nilikuwa tayari kwa tusi lolote.

"Hakusema mabaya," akajibu. "Alisema mzee ataita siku ya tatu, akishaona mnyama hataki kula. Siku ya tatu akavaa gambuti asubuhi, akakaa mlangoni na simu. Siku ya nne pia. Siku ya tano nikamwambia, toa hizo viatu utaumwa na miguu. Akakataa."

Nilipopewa kipaza sauti ili niseme machache kama mzee aliyetoka mbali, nilisema hayo yote, kakakuona, simu na gambuti, na ule ugonjwa niliotunga. Mjane alinitazama, akatikisa kichwa polepole, sijui kwa kunisamehe au kwa kunishangaa. Kisha nikasema mbele ya wote kwamba hakuna mnyama atakayetoka Shinyalu, kwamba atakayewatunza ni mwanamke aliyewatunza miaka tisa, na kwamba mimi nitajenga ukuta wa kuzuia mbwa na kwenda nyumbani.

Jumatatu nilimsindikiza yule mwanamke kwenye ofisi ya wanyamapori ili kibali cha marehemu kiandikwe kwa jina lake. Karani alimtazama yeye, akanitazama mimi, akasema kwa wema, "Mzee, tuandike wewe, huyu mama awe mfanyakazi wako. Itaisha leo leo." Nikamwambia aandike mama. Akauliza mama ana cheti gani. Nikamwambia amuulize mama jinsi poto mwenye mtoto anavyolishwa, aandike jibu, kisha ampelekee mwenye cheti asahihishe. Mama akaanza kueleza, karani akajikuta anaandika kweli, ukurasa mzima. Tumeambiwa turudi Alhamisi, na Alhamisi tutarudi.

Kila nilicho nacho nimekijenga mwenyewe, na hilo nitaendelea kulisema bila haya. Ila uhai wa kiumbe kingine hauwi mali yako kwa sababu umewekwa ndani ya ukuta wako. Ukikabidhiwa uhai huo, na ukajua kuna mtu anayeufahamu kuliko wewe, usingoje siku ya tatu. Mwite siku ya kwanza, na akifika, mpishe njia.