Langoni Upo, Ndani Haupo

Kijijini kwetu wote wanamwita Fuko, kama yule mnyama wa shimoni asiyeona. Mwenye gari la mkate akipiga honi asubuhi, anapaza na sauti juu yake: "Fuko, nipe namba nzuri leo!" Hata padri, akijisahau, humwita hivyo. Mimi namwita Casiano, na kabla hamjanisifu kwa adabu zangu, subirini nimalize.

Casiano ni kipofu. Anauza tiketi za bahati nasibu mlangoni pa baa, zimebanwa kifuani kwa kibanio cha nguo. Ana miaka sitini na nane kama mimi, tulizaliwa wiki moja. Mdomo wake mchafu, hapendi kushikwa mkono bila kuombwa, na shati lake siku zote limepigwa pasi, tena amelipiga mwenyewe. Siku moja nilimuuliza anajuaje kwamba mkunjo umetoka. Akanijibu, "Na wewe unajuaje supu imekolea chumvi? Unaitazama?"

Lakini mkitaka kumjua mtu huyu, mtazameni akiwa na kompyuta. Miaka ile Linux, ule mfumo wa kompyuta usiolipiwa, ilipoletwa huku mkoani kwetu Extremadura hadi kwenye vijiji vya mbuzi kama chetu, lilifunguliwa darasa la wazee juu ya ghala la zeituni. Sisi wanawake tulikuwa kumi na mmoja, tunasugua kipanya mezani kama sufuria iliyoungua, na ule mshale unaturukia huku na huku kwenye skrini. Casiano alikuja kwa sababu darasani kulikuwa na hita. Siku ya tatu akamuuliza mwalimu, "Hili lidude linajua kusema?" Mwalimu akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, na sauti ya mwanamume aliyeziba pua ikaanza kusoma kila kilichoandikwa. Casiano akanyamaza kimya. Jamani, yule mtu hanyamazi hata kanisani! Wiki ile alikuwa akitolewa darasani kwa kusukumwa.

Tangu hapo yeye ndiye daktari wetu. Anawasomea wajane barua za hospitali. Anafufua kompyuta ambazo mafundi wa mjini walikwisha kuzizika. Huinama, akaweka sikio juu ya sanduku, akasema, "Paca, ndani humu mna manyoya ya paka," na kweli Paca ana paka wanne. Yote hayo kwa vidole kwenye kibodi tu. Kipanya hakishiki kabisa, maana mshale wa kuonwa kwa macho atauona na nini?

Sasa nisikilizeni habari ya Ijumaa ile ya Juni.

Alhamisi binti yangu Nieves alinipigia simu kutoka Bilbao. Amechoka na mji, amepata kazi kwenye zahanati ya hapa, anataka kurudi na watoto wake wawili, Ainhoa na Unai. Nilipiga kelele hadi mbwa akatoroka. Kisha akasema, "Lakini mama, shule ipo? Shule ikifungwa siji. Siwezi kuwaamsha watoto saa kumi na moja alfajiri wakapande basi la kilomita arobaini." Ninamjua, akisema siji, haji. Ukaidi huo hakuuokota barabarani.

Shule yetu ilikuwa na watoto watatu. Wakiwa chini ya watano, inafungwa. Na mwisho wa kuandikisha ulikuwa Ijumaa hiyo hiyo, saa nane mchana kamili, kwenye kompyuta ya ofisi ya meya, kwa sababu humo tu ndimo kilimokuwa cheti cha kielektroniki cha kijiji, kinachoruhusu kutuma fomu.

Mimi ndiye ninayesafisha ofisi hiyo. Saa sita na nusu nilikuwa chini namwagilia maua, nikamsikia meya wetu Anselmo akipiga mayowe toka kibarazani juu. Anselmo ni fundi bomba, kijana wa miaka arobaini, moyo wa dhahabu, lakini akishtuka ni kama kuku.

"Shangazi Obdulia! Shangazi, mshale umekufa!"

Nilipanda ngazi mbili mbili na magoti yangu haya. Kompyuta ilikuwa inauliza neno la siri, na mshale upo, unacheza vizuri. Anselmo akaandika neno la siri, akabonyeza Enter. Ikatokea ile picha ya mnara wa kanisa letu, na mshale haupo. Anasukuma kipanya, hamna. Anakigonga, hamna. Akamtukana mama yake kipanya. Mimi nikamtukana Anselmo, nikaitukana serikali, halafu nikamalizia kwa kumtukana mkwe wangu aliyeko Bilbao.

"Huyo mkwe kaingiaje hapa, shangazi?"

"Yule anaingia kwenye kila kitu! Mwite Fuko, upesi!"

Ndiyo, wakati huo na mimi nilikuwa nikimwita hivyo.

Casiano akapanda taratibu na fimbo yake, tiketi zikimpepea kifuani. "Nani kafa?"

"Mshale, mjomba," Anselmo akasema, machozi yakimlengalenga.

"Poleni na msiba. Mimi na marehemu hatukuwahi kuonana." Akacheka peke yake. Aliposikia hatucheki naye, akaacha. "Haya, nieleze toka mwanzo. Usiniambie unachodhani, niambie unachokiona."

Anselmo akaeleza. Casiano akamwambia atoke kwenye akaunti halafu aingie tena. Akatoka, mshale ukarudi. Akaingia, ukapotea. Mara tatu. Akataka kipanya kingine, nikakimbia kukileta toka maktaba. Hali ikawa ile ile. Mimi nilishaanza kumwomba Mtakatifu Yohane, maana ilikuwa wiki ya sikukuu yake, lakini Casiano alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza redio.

"Langoni upo, ndani haupo," akasema. "Basi kipanya msikisingizie, ni kizima. Ukishaingia ndani kuna mwingine amekalia kiti chake. Tutamtafuta huyo. Saa ngapi sasa?"

"Saa saba na dakika kumi."

"Anselmo, nipishe kitini."

Akabonyeza vile vitufe vitatu, na yule wa pua iliyoziba akaanza kusema. Jamani, natamani mngekuwepo. Casiano alikuwa anaruka toka mstari hadi mstari kwa kitufe cha Tab, tak, tak, tak. Sauti inasema "Ukurasa wa mbele", yeye kesha pita. Inasema "Chagua cheti", yeye kesha chagua. Anselmo, ambaye huichezea kompyuta hiyo kila siku kwa mshale na miwani mizuri, hajui hata ukurasa uko wapi. Mimi kazi yangu ikawa kumsomea majina na tarehe za kuzaliwa. Akaandika watatu wa kwanza. Akaandika Ainhoa. Akaandika Unai. Ile sauti ikayarudia majina ya wajukuu wangu, tena vibaya, na mimi nikafuta macho kwa aproni.

"Unalia nini, mama? Bado hawajapokelewa," Casiano akasema.

"Silii. Andika!"

Anselmo alikuwa akizunguka chumbani, na kila akipita anapiga meza ngumi. "Haraka, mjomba! Haraka!" Casiano akainua kidole.

"Hebu piga tena."

"Nini?"

"Meza. Piga." Anselmo akapiga. Ile sauti ikataja kitu, sijui kikapu cha takataka, sijui nini. Casiano akakunja uso. "Mimi sikukigusa hicho," akasema, akaendelea na fomu.

Saa nane kasoro robo akafika mwisho. Akabonyeza kutuma. Badala ya kutuma, ukurasa ukaleta picha ya daraja lenye pengo katikati, na kipande chake pembeni: kishike kwa mshale, ukiburute ukajaze pengo, uthibitishe kwamba wewe si roboti.

Nikamsomea.

"Miaka sitini wananiita mnyama wa shimoni," akasema, "leo nimepanda cheo, nimekuwa roboti."

"Casi... Fuko, tafadhali!" Nikaketi juu ya kapu la karatasi. Nilimwona Nieves akilini mwangu akipokea simu, akisikia sauti yangu, na kabla sijasema neno kesha jua. Niliona Krismasi nyingine ya picha za simu.

Anselmo alikwenda dirishani kutazama saa ya kanisa, maana hakuamini ya ukutani. Casiano akasukuma kibodi pembeni. Akaweka viganja vyote viwili mezani na kuanza kuvitembeza polepole, kwa sababu, aliniambia baadaye, kama ngumi ya mezani inaiamsha sauti, basi kuna kitu juu ya meza kinachoongea na kompyuta na ambacho sisi wawili wenye macho hatukioni. Mkono wa kushoto ukapita kwenye wino, ukapita kwenye mihuri. Ukafika kwenye kitambaa changu, ukasimama.

Hapo nikakumbuka nilichokuwa nimefanya.

Mnajua vitambaa vya kufuma, vile vya juu ya televisheni. Nyumba isiyo navyo mimi naiona iko uchi. Kwa ajili ya sikukuu nilikuwa nimevifua vyote vya ofisi, nikavitia maji ya sukari vikasimama vikavu kama alivyokuwa akifanya marehemu mama, na Alhamisi jioni nikavitandika kila mahali: juu ya redio, juu ya printa, na juu ya kile kibao cheusi kilicholetwa mwezi uliotangulia cha watu kutilia saini, ambacho hakuna aliyewahi kukitumia na ambacho kilikuwa kibaya kama kigae cha paa. Nilikipanguza vumbi vizuri. Kalamu yake nikailaza juu yake, isipotee. Nikafunika.

Vidole vya Casiano vikaingia chini ya kitambaa na kutoka na ile kalamu. Hapo hapo mshale ukatokea katikati ya daraja.

Kibao kile, alinieleza siku nyingine, kinaamka mtu akishaingia, si kabla. Kalamu ikikilalia, kompyuta inadhani kuna mtu ameishika anataka kuandika, basi inaficha mshale wa kipanya ungoje zamu yake. Ulingoja tangu Alhamisi jioni. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikuwa nimekifuma mwenyewe kwa kulabu.

Akaitia kalamu mfukoni mwa shati, nyuma ya tiketi, akanyoosha kitambaa kikakaa sawa. "Obdulia," akasema, "macho yako sasa."

Nikashika kipanya. Mara ya kwanza kipande kilipita daraja na kurudi. Nikakiburuta, kikaingia. Ile sauti ya pua ikasema, "Ombi limepokelewa." Ilikuwa saa nane kasoro dakika nne, na nawaambieni, sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Anselmo akageuka. "Umerudi! Ulikuwa nini, mjomba?"

"Waya," Casiano akasema bila hata kupepesa. "Ulikuwa umelegea huko nyuma. Ngumi zako zimeurudisha mahali pake."

"Ngumi zangu?"

"Una mkono wa fundi, kijana."

Jioni hiyo Anselmo alikuwa baa anawaonyesha watu ngumi iliyookoa shule.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemkuta Casiano kwenye ngazi za ofisi. "Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, kufika usiku unaitwa Kitambaa. Kesho Nieves ni binti Kitambaa. Septemba watoto wale wanaingia darasani wanaitwa wajukuu wa Kitambaa. Unajua jina la hapa, Obdulia. Mtu anazikwa, lenyewe linabaki."

Najua. Nani ajue kuliko mimi? Tulikuwa na miaka saba, kwenye uwanja wa shule hiyo hiyo. Macho yake yalikuwa yanakwisha na hakuwa amemwambia mtu. Tulikuwa tunakimbizana, akajibamiza kwenye nguzo ya kengele, akaanguka na kuanza kupapasa chini akitafuta kofia yake. Msichana mmoja akapiga kelele, "Tazameni Fuko!" Uwanja mzima ukacheka. Mwaka uliofuata alipandishwa basi kabla hakujakucha, akapelekwa shule ya vipofu mjini, na alipokuja likizo jina lilikuwa linamngoja. Yule msichana alikuwa mimi.

"Casiano," nikamwambia pale ngazini, "ulikuwa unajua kwamba ni mimi?"

"Mama wee, sauti yako hiyo nitaisahau vipi?" Akagonga ngazi kwa fimbo. "Nipishe, nina tiketi za kuuza."

Septemba shule ilifunguliwa. Watoto watano langoni na mabegi makubwa kuliko wao, na watu wazima karibu kijiji kizima, Casiano akiwemo. Gari la mkate likapita, honi, "Fuko, nipe namba nzuri!" Unai, ana miaka sita, akanivuta aproni na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi kanisani: "Bibi, nani alimpa yule babu jina la mnyama?"

Ningeweza kusema sijui. Nilimtazama Casiano, amesimama na shati lake la pasi, uso ameugeuzia upande wetu.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa mjinga. Na ule mshale wa Juni haukurudishwa na ngumi ya mtu yeyote. Ulifichwa na kitambaa changu, na aliyeupata ni Casiano, na ndiyo maana mmesimama hapa leo."

"Na ngumi yangu?" Anselmo akauliza kwa unyonge, na watu wakacheka hadi mwalimu akatoka nje kutazama.

Kufika saa sita mchana nilikuwa Kitambaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Basi nimeuonja, na naitika. Unai anajitapa shuleni kwamba yeye ni wa ukoo wa Kitambaa. Mwenye mkate ananiita Kitambaa, Anselmo ananiita shangazi Kitambaa, padri naye akijisahau. Kijiji kizima ni Casiano peke yake anayeniita Obdulia.