Fulana za Watu Wasiojulikana

Askari alinigeuzia simu yake nijione. Nilikuwa nimekaa sakafuni kituoni, peku, mkanda wamenivua, suruali naishikilia kwa mkono. Na kwenye simu ni mimi huyohuyo, meno yote nje, nimevaa fulana ya njano yenye maandishi kifuani: MASHUJAA WASIOJULIKANA.

"Huyu siyo wewe?"

"Ni mimi, afande."

"Mbona unajulikana?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Hata mimi ningecheka, ila lile kofi la kwanza lilikuwa bado linalia sikioni.

Nilikuwa na fremu ndogo ya kutengeneza simu, karibu na Msimbazi. Shule niliishia darasa la saba, ufundi niliupata kwa kukodolea macho mikono ya wengine. Siku moja binti wa dada yangu, aliyekuwa amemkimbia mume anayempiga, akanionyesha anavyoongea na mama yake bila yule bwana kujua yuko wapi. Kumbe kuna watu wa kujitolea dunia nzima, kila mmoja na kompyuta yake. Ujumbe unapita kwa huyu, unapita kwa yule, ukitoka haijulikani ulianzia kwa nani. Nikaelewa upesi. Ni kama mtu anaingia duka la Kariakoo, anatokea mlango wa nyuma, anaingia la pili, anayemfukuza anabaki kuulizia mtaa mzima. Nikasema na mlango wangu uwe wazi. Kompyuta kuukuu ikawa inaunguruma chini ya meza, na hakuna aliyejua wala aliyeuliza.

Ndipo wakaja wenye huruma. Mwenyekiti wa mradi mmoja wa misaada, ofisi yake Upanga, kiyoyozi mpaka chooni, alijiunga na kundi la mtandaoni la sisi tunaojitolea, tulikotumia majina ya bandia. Wafadhili wa nje wameamua tulipwe, akasema. "Ndugu zangu, haiwezekani mtoe jasho bure."

Nilidhani watatuma kimyakimya. Wapi! Mradi wa Bongo utoe hela bila hafla? Tukaitwa ukumbini, jirani na Mnazi Mmoja, sisi ambao kazi yetu yote ilikuwa tusionane. Bango ukutani, fulana mpya, supu, chapati. Ukiitwa kupokea bahasha unashikana mkono na mwenyekiti, mnaangalia kamera. Mama mmoja mwenye duka la vitabu akajifunika mtandio mpaka puani.

"Baba, picha ya nini tena? Si tunaficha watu?"

"Mama yangu, wafadhili bila picha hawaelewi. Tabasamu kidogo."

Tukatabasamu. Kwa bahasha ile hata mbuzi angetabasamu. Picha ikarushwa mtandaoni, kazi yetu imeelezwa chini yake, supu haijapoa.

Kisha tapeli mmoja, sijui wa nchi gani, akapita kwenye mashine yangu kumwibia mtu. Polisi walipofuata alama zake, zikaishia kwenye intaneti ya fremu yangu. Nikamweleza afande kwamba mimi najitolea, napitisha tu, kinachopita siwezi kukiona. Akanyanyua tena ile picha.

"Anayejitolea anapokea bahasha? Wewe umeajiriwa. Bosi wako nani?"

Nikamtaja. Akampigia mbele yangu, akaweka spika.

"Huyo? Hapana, afande, hatuna mfanyakazi huyo. Hao ni watu wa kujitolea tu, hatuwajui."

Raha iliyoje. Kwa askari nimelipwa, kwa aliyenilipa nimejitolea.

Kompyuta imebaki kituoni. Mwenye nyumba kampa fremu mtu mwingine, hataki mambo ya mitandao, na mimi natengenezea simu juu ya stuli, barazani kwa watu. Binti wa dada yangu ameifuta namba yangu. Simlaumu. Mumewe aliiona picha, akaja kunisimamia kichwani akiuliza nimemficha wapi mkewe.

Mwenyekiti hajambo. Ameshachapisha fulana nyingine, safari hii za bluu.

Mimi niko nje kwa dhamana, kila Jumatatu naripoti kituoni. Mwenyekiti, benchi ninalosubiria pale lina nafasi. Jumatatu hii njoo na fulana yako, ukae pembeni yangu, umwambie afande kwa mdomo wako nani alituita, nani alitupanga mstari, na nani aliirusha ile picha.