Mlolongo Mfupi Ndio Ulioshinda

Mwezi uliopita nilikuwa Nakuru, na kwa vile nilikuwa na nafasi kabla ya saa sita, nikashuka kwa miguu hadi landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako nyanya alinilea. Kwenye kona ya kuingilia shule yetu ya msingi nikakuta kibao kipya cha kijani chenye jina la barabara. Lilikuwa jina la Mwenyekiti. Nikasoma mara ya pili, nikidhani macho yamenidanganya. Kijana aliyekuwa akiuza maji ya chupa akaniona nimeduwaa.

"Mathe, unatafuta wapi?"

"Huyu mtu wa kibao, unamjua?"

"Huyo mzee? Nasikia alisaidia watu sana hii mtaa. Wanasema siku zake kulikuwa na heshima."

 Alikuwa kijana mwenye adabu, na alikuwa anarudia tu alichoambiwa. Lakini wewe keti nikuambie, maana tuliokuwepo tukinyamaza, kibao ndicho kitabaki kikisema.

Landhi zilikuwa nyumba za chumba kimoja kimoja, zimepangwa safu nne, kuta za mawe na mabati mekundu. Wengi wetu tulikuwa watu wa magharibi, wazee wetu waliletwa na reli wakabaki. Mama alifanya kazi za zamu kiwandani, kwa hivyo mimi nilikuwa mtoto wa nyanya. Asubuhi nilikuwa nikisikia king'ora cha kiwanda, kisha mabehewa yakigongana stesheni, kisha mwiko wa nyanya ndani ya sufuria ya uji wa wimbi, aliouza kwenye kibanda chake nje ya lango. Wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe kutoka ziwani, likatua juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya mboga, hata midomo yetu ikawa na ladha ya chumvi. Kazi zangu zilikuwa mbili: kuchambua mboga ya mrenda na kuchota maji.

Mfereji ulikuwa mmoja tu kwa landhi zote, na hapo ndipo watu walipokutana. Wanawake walibishana kwa sauti kubwa huku mitungi ikijaa. Walibishana juu ya serikali, juu ya mishahara, juu ya mume wa fulani. Hakuna aliyegeuka kuangalia nani amesimama nyuma yake. Mimi nilidhani dunia nzima huongea hivyo.

Mwenyekiti siku hizo hakuwa mwenyekiti wa chochote. Alikuwa fundi wa viatu, mtu mpole, na sauti yake ndiyo iliyoongoza nyimbo kila palipokuwa na matanga. Mke wake alikuwa amerudi kwao, basi mchana alikula kwa nyanya. Alikuwa akimaliza ugali anafuta mikono na kusema, "Mama, hakuna mkono kama wako." Viatu vyangu vya shule alivishona bila malipo. Nilimpenda. Nakuambia haya ili ujue kwamba hakutuvamia kutoka mahali pengine. Sisi ndio tuliomlisha.

Ilianza na kufuli. Mtu aliacha mfereji wazi, maji yakamwagika mchana kutwa, watu wakakubaliana ufunguo uwekwe na mtu mmoja mwaminifu. Nani kama yeye? Kisha tawi la chama mjini likatafuta mtu anayejua kila jina katika landhi, likampata. Akapewa shati la chama, halafu akapewa uenyekiti. Baada ya muda kukawa na vijana wenye rungu langoni, wakiwauliza akina mama kadi ya chama kabla hawajaenda sokoni. Ukikosa kadi, huchoti maji. Ukumbi ambapo kwaya ilifanyia mazoezi na wazee kucheza drafti ukafungwa, ukawa ofisi yake. Kila jambo lilikuwa dogo, na kwa kuwa lilikuwa dogo tulilivumilia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Halafu akataka udiwani. Mtu pekee aliyethubutu kushindana naye alikuwa mwalimu wetu wa darasa la nne, mwanamume mfupi ambaye suruali yake ilikuwa imepigwa pasi kila siku ya Mungu. Yeye ndiye aliyetufundisha kukariri mashairi tukitazama mbele. "Usiwaangalie miguu," alikuwa akiniambia, "waangalie usoni."

Kura siku hizo zilikuwa za mlolongo. Unasimama nyuma ya mtu wako, mchana kweupe, kila mtu akikuona. Sisi watoto tulikaa juu ya ukuta wa uwanja wa shule tukitazama. Mlolongo wa mwalimu ulipita magoli, ukazunguka mjakaranda, ukafika vyooni. Wa Mwenyekiti ulikuwa wa vijana wake na watu wengine wachache, haukufika hata katikati ya uwanja. Nyanya alikuwa wa tatu nyuma ya mwalimu. Alipokuwa akipita mbele ya Mwenyekiti alimsalimia kama kawaida, akaenda kusimama mahali pake.

Msimamizi wa uchaguzi alitembea na penseli yake, akaandika kitu, akachukua kipaza sauti na kumtangaza Mwenyekiti kuwa mshindi.

 Kisha mwalimu akasema, bila kupaza sauti, "Bwana msimamizi, watoto wangu wa darasa la nne wanajua kuhesabu. Waite wakusaidie."

Watu wakacheka. Walicheka sana, hata waliokuwa kwenye mlolongo mfupi. Nafikiri kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa katikati ya hesabu za sehemu, wanaume wawili wenye suti wakasimama mlangoni. Mwalimu aliwatazama, akaweka chaki mezani, akatuambia, "Endeleeni na zoezi la pili." Akatoka katikati yao. Nasi tukaendelea. Kengele ilipolia tulikuwa tumemaliza, na hakuna wa kusahihisha.

Wiki hiyohiyo kibanda cha nyanya kilibomolewa. Mferejini, kijana mwenye ufunguo akawa anauruka mtungi wetu kana kwamba haupo. Siku ya tatu nyanya alinishika mkono tukaenda ukumbini. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya meza. Hakusimama.

"Mama, kuna shida gani?"

"Umenifungia maji."

"Si mimi. Maji ni ya watu wa chama. Wewe ulisimama kwingine, na kila mtu alikuona."

"Umekula kwangu miaka mingapi?"

Akaanza kupanga karatasi zake. "Hiyo ilikuwa zamani, Mama. Na sikuja kwa nguvu. Ulinikaribisha."

 "Ni kweli," nyanya akasema. "Nilikukaribisha."

Tukatoka. Tangu siku hiyo tulichota maji ng'ambo ya reli, mwendo wa nusu saa, yeye na mtungi wake, mimi na wangu. Kifua chake kilianza kubana mwaka huo.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijapenda kulisema. Mwisho wa muhula kulikuwa na sherehe ya kumpongeza diwani mpya, na shule ikatakiwa kutoa mtoto wa kughani shairi. Nikachaguliwa mimi, kwa kuwa mwalimu alikuwa ameninoa vizuri. Nikapewa karatasi yenye beti za kumsifu. Katika ubeti mmoja aliitwa baba wa maji. Mimi, niliyekuwa na kidonda utosini kwa ajili ya mtungi, nilisimama mbele ya umati nikatamka hayo bila kukosea neno, nikiwatazama usoni kama nilivyofundishwa. Wakapiga makofi. Nikapewa soda na nusu mkate, nikafurahi. Mengine ninaweza kuyasahau, lakini kwa kule kufurahi kwangu siku ile siwezi kumsamehe Mwenyekiti.

Nyanya hakuja. Nilimkuta nyumbani anachagua maharagwe.

"Ulisahau mahali?"

"Hapana."

"Vizuri," akasema, akaendelea kutoa mawe.

Uwanja ule ulikatwa ploti, wakagawana yeye na rafiki zake. Leo ni maghala na maduka ya vyuma, na watoto wa shule hucheza kwenye ujia kati ya madarasa na vyoo. Nyanya alifukuzwa landhi, akapanga chumba mtaa wa Rhonda, na huko ndiko alikofia. Mwalimu aliachiliwa kutoka kizuizini baada ya zaidi ya mwaka. Nilikutana naye njiani, shati lake limefungwa vifungo kombo. Nilimwamkia. Akaitikia akitazama miguu yangu. Alirudi kwao magharibi, na nasikia hakusimama tena mbele ya darasa. Naye Mwenyekiti? Vyama vingi viliporuhusiwa, alibadilisha shati wiki hiyohiyo. Alifia Milimani, mtaa wa matajiri, akiwa mzee sana, kitandani mwake, na waliohutubia mazishini walikuwa wengi. Hakuna aliyewahi kuulizwa chochote. Halafu watu wananiambia tusamehe. Nani ameomba?

Kuna vitu ambavyo mtu anaweza kujenga tena. Kibanda hujengwa, hata uwanja unaweza kurudishwa siku moja kukiwa na watu wenye haya. Lakini ile sauti ya akina mama mferejini, wakiongea kama watu wasio na deni la woga kwa mtu yeyote, sijaisikia tena.

Mchana wa siku ile ya kibao nilikula kwa mama, huko mtaa wa Free Area. Tulikuwa wawili tu jikoni, chai mezani, jua limejaa dirishani. Nikamuuliza kama yeye alikuwa zamu kiwandani siku ya mlolongo. Mama ana zaidi ya miaka sabini. Aliinuka akishikilia meza, akafunga dirisha, akaongeza sauti ya redio, akarudi kukaa karibu nami.

"Mama, mtu mwenyewe alikufa zamani. Nani atatusikia?"

"Ongea kwa sauti ya chini," akasema. Ndipo akaanza kunieleza, kwa kunong'ona, huku akiutazama mlango.