Receiver bora niliyewahi kumchagua Kibera, na kipande cha chuma kilichomtoa uwanjani

Wakuu, habari za huko mliko.

Leo naleta jambo ambalo nimelibeba kwa muda. Sitatia chumvi. Pale nitakapojisifu ni kwa sababu ninastahili, na pale penye uchungu mtapaona wenyewe.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Soweto East, Kibera. Nilienda Amerika bila mjomba wa kunipokea airport. Nimeosha sufuria, nimesukuma wazee kwa viti vya magurudumu, na katikati ya hayo nikasoma hadi nikapata diploma ya ukocha. Iko ukutani sebuleni kwangu Ayany, yenye muhuri. Kuna watu wana digrii mbili hapa mtaani na hawajawahi kufundisha hata kuku kuingia kibandani.

Niliporudi sikuja kukaa kwa baa nikisimulia theluji. Nilikuja na mipira.

Siyo ile mipira mnayoijua. Ni football ya Amerika, ile yenye mpira wa umbo la yai. Sisi tunacheza flag, ambayo haina kugongana. Badala ya kumwangusha mtu, unamchomoa kitambaa kinachoning'inia kiunoni. Receiver ni yule anayekimbia mbele na kudaka mpira unaorushwa kutoka nyuma. Nikisema receiver, mjue namaanisha mtu wa kudaka.

Tulianza na vijana wachache uwanja wa vumbi Kibera, watu wakipita wakicheka. "Hawa wanagombania avocado?" Leo tuna kaligi ketu ka timu za Kibera na Kawangware. Na kila msimu tunafanya draft, wazo ambalo nililileta mimi, msiibiwe na mtu akawaambia vingine.

Draft inaendeshwa hivi. Wachezaji wapya wote wanafanya mazoezi mbele ya makocha, kisha makocha wanachagua mmoja mmoja kwa zamu. Timu iliyomaliza mkia ndiyo inayoanza, ili ipate nafuu.

Msimu ninaousimulia, mimi ndiye niliyekuwa mkia. Msicheke. Nilikuwa najenga.

Kila mtu alijua nitamchukua nani. Kulikuwa na kijana wa Kawangware anaitwa Brayo. Mrefu, mikono mirefu, na mbio zake, wakuu, ungedhani anafukuzwa na kanjo, wale askari wa jiji. Makocha wengine walikuwa tayari wamekata tamaa ya kumpata.

Nikasimama nikasema, "Namchukua Kioko."

Wakaangua kicheko. Kocha mmoja wa Kawangware, Shikuku, Mluhya mwenye mdomo usiolala, alishika kiuno.

"Wewe Mwamerika, umeona vizuri ama? Huyo ni fundi wa madirisha! Anakimbia kama amebeba geti!"

"Shikuku, mbio nitamfundisha. Mikono hainunuliwi."

"Haya baba. Mimi nachukua Brayo, na asante kwa zawadi."

Sasa niwape darasa kidogo, bure. Ukipima receiver mchanga, usidanganywe na miguu. Brayo mpira ukimfikia alikuwa anautazama hadi karibu, kisha anageuza uso kuangalia ni nani anakuja kumchomoa kitambaa. Katika ile nukta ya mwisho hakuwa na mpira machoni. Kwa hivyo aliudaka kwa kifua, na kifua kinarudisha mpira kama ukuta.

Kioko alikuwa kinyume chake. Alinyoosha mikono mbali na mwili, vidole wazi, na macho yake hayakuachana na mpira mpaka uwe umekaa kwapani. Hata ukimpigia kelele, hageuki. Na akikimbia njia uliyomwambia, mguu unakata kona mahali pale pale kila mara. Kazi ya kupima na kukata chuma ilikuwa imemfundisha kutokadiria.

Kioko alikuwa na miaka ishirini na kitu. Wazazi wake walitoka Machakos kabla hajazaliwa. Alifanya kazi kwa karakana ya mageti na grili za madirisha Kawangware, na jioni alikuja mazoezini na ile harufu ya chuma kilichochomwa, bado ana vumbi jeusi shingoni. Si mtu wa maneno. Ukimsifu anaangalia viatu.

Msimu ulipoanza, watu walinyamaza. Kioko alidaka mipira ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaiandikia tanzia. Timu ya mkia ikawa timu ya kuogopwa. Shikuku alikuja baada ya mechi moja akanishika bega.

"Bro, geti limekimbia."

Hiyo siku nililala nikitabasamu, sifichi.

Kisha ikaja habari kwamba wateuzi wa timu ya taifa watakuja kutazama mechi yetu ya Jumamosi dhidi ya timu ya Shikuku. Walitaka receiver mmoja kutoka ligi yetu aende kambini. Mmoja tu. Ukiingia kambini unapata makocha wa kweli, unasafiri, jina lako linajulikana, na kuna vyuo vya nje vinavyochukua vijana kutoka hapo. Kwa mtu anayekata chuma tangu asubuhi, huo ni mlango.

Nikawaambia watu wote. Niliambia wateuzi kwa simu, niliambia mtaa, niliandika hata kwa hili jukwaa, wengine wenu mnakumbuka: mkija Jumamosi, mtazameni Kioko. Kioko alikuwa ananisikia nikisema. Alikuwa anaangalia viatu.

Jumanne ya wiki hiyo, kwa karakana, kipande cha chuma kiliruka kutoka kwa grinder, ile mashine ya kukatia chuma, kikamwingia jicho la kushoto.

Hili sikulijua. Nitawaambia nilivyolijua.

Lakini kwanza lazima muelewe mambo ya karakana zetu, kwa sababu najua wengine mnasoma mkiwa ofisini. Mafundi wengi hawavai miwani ya kujikinga. Si kwamba hawaijui. Inajaa ukungu wa jasho, halafu huoni alama ya chaki. Tena ukiivaa unaitwa mgeni. Basi chuma kuingia jichoni ni jambo la kawaida, kama mpishi kuungua kidole. Na kila karakana ina mtu wake wa kukitoa.

Kwao alikuwa mzee mmoja wanayemwita Daktari. Anakukalisha kwa ndoo, anakunjua kope kwa njiti ya kiberiti, analowesha ncha ya leso kwa ulimi, na anakifuta kile kipande. Wanaume wengi wa ile barabara wamepita kwa leso yake. Wakapona, wakarudi kazini saa hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kufikiria hospitali. Hospitali ya nini, na Daktari yuko?

Daktari akamtoa Kioko chuma. Kioko akasema asante, akaendelea kukata.

Alhamisi alikuja mazoezini amevaa kofia imeshuka hadi nyusi.

"Kioko, hiyo kofia?"

"Jua, coach."

"Na hilo jicho jekundu?"

"Ni vumbi tu. Tuendelee."

Tukaendelea. Alidaka vizuri kiasi. Nilifikiri ni presha ya Jumamosi.

Jumamosi wateuzi walikuja na makaratasi yao na miavuli. Mpira wa kwanza kwa Kioko ulipita juu ya vidole. Wa pili ukamgonga kifuani. Kioko, kifuani! Watu pembeni wakaanza.

"Coach, huyo ndiye ulituambia?"

"Leo amekuja na geti lenyewe!"

Nilimtazama vizuri, na hapo diploma yangu ikafanya kazi, ijapokuwa haikunisaidia. Kioko alicheza upande wa kulia wa uwanja. Ukikimbia upande huo, mpira unakujia kupitia bega la kushoto. Siku zote alikuwa anageuza kichwa tu. Sasa alikuwa anazungusha mwili mzima, kama mtu anayeitwa kutoka nyuma, ili auone kwa jicho la kulia. Kufikia amezunguka, mpira umefika.

Nikamtoa nje. Nikavua ile kofia.

Wakuu, jicho lilikuwa limevimba, na katikati, pale penye kiini, kulikuwa na doa jeupe. Usaha ulikuwa umekauka kwa kope.

"Tangu lini?"

"Nirudishe ndani, coach. Bado kuna muda."

"Kioko, tangu lini?"

"Umeambia watu wote waje wanitazame," akasema. "Ningekuambia nini?"

 Nilimwachia msaidizi wangu timu, nikamshika mkono Kioko tukaondoka mechi ikiendelea. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga kelele. Brayo alikuwa amefunga.

Daktari wa macho, yule wa kweli, alikuwa mwanamke mtaratibu. Aliangalia kwa mashine yake muda mrefu. Alituambia chuma kilitolewa, lakini kilichokitoa kiliacha uchafu ndani ya kidonda, na uchafu ule umekula kioo cha jicho. Aliuliza kwa nini hatukuja siku ile ile. Siku ile ile, alisema, ingekuwa matone ya dawa na kupumzika nyumbani.

Kioko alilazwa. Walipigana na lile jicho kwa kila dawa. Jicho lenyewe lilibaki, lakini kuona kuliisha. Anasema anaona mwanga kama wa pazia.

Siku moja nilimkuta Daktari wa karakana amekaa kando ya kitanda, ameshika pakiti ya maziwa bila kuifungua. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya huyo mzee. Makali. Alisimama akanisalimia kwa mikono miwili.

"Mwalimu, ni mimi nimemharibu?"

Kioko akawahi kabla yangu. "Mzee, ni chuma. Kaa chini."

"Nimetoa watu chuma machoni tangu nikiwa kijana. Hata bosi. Hata mtoto wangu mwenyewe."

"Nimesema ni chuma. Fungua maziwa tunywe."

Maneno yangu niliyameza, na hadi leo sijui yalikwenda wapi.

Brayo ndiye aliyeenda kambini. Simlaumu, na Shikuku sikumsikia akijisifu hata kidogo. Alikuja wodini na matunda, akakaa, akakosa utani. Mara ya kwanza namwona Shikuku akikosa utani.

Sasa nifike mahali ambapo pamenifanya niandike.

Miezi ilipita. Jioni moja nilikuwa nakusanya mipira uwanjani, vijana wameshaenda, nikamwona Kioko anakuja amevaa viatu vya kuchezea. Nilifurahi. Nilikuwa nimeshapanga kumwambia awe msaidizi wangu, awafundishe receiver wapya mikono.

Hakunipa nafasi.

"Coach, nataka unipime."

"Kukupima vipi?"

"Kama wale wa draft. Usinipunguzie."

Nikamwambia pumzika kwanza, bado mapema. Akasema amepumzika vya kutosha, amepumzika hadi amechoka. Akaenda akasimama upande wake, ule wa kulia.

Nikarusha.

Iliyotoka kulia aliidaka, vidole wazi, kama zamani. Nikaanza kujidanganya. Kisha nikarusha kupitia bega la kushoto. Mikono ilifunga mbele ya mpira, ikafunga hewa. Nikarusha tena, ikafunga ikiwa imechelewa. Jicho moja halikupi umbali. Hulioni hilo ukitembea barabarani. Unaliona kitu kikikujia kwa kasi.

Nikaanza kurusha polepole. Akasimama.

"Nimesema usinipunguzie."

Nikarusha kama ninavyorusha. Mpira ulimpiga usoni, chini ya lile jicho. Hakuushika uso. Aliuokota mpira, akaniletea mkononi, damu kidogo puani.

"Ungenichagua?"

Wakuu, nimekaa mbele ya watu wakubwa nchi za watu nikajieleza kwa Kiingereza hadi wakanipa nafasi. Mimi si mtu wa kukosa maneno. Ningeweza kumwambia nitakuchukua. Timu ni yangu, nani angeniuliza? Lakini nilikuwa nimeuona mpira ule ukimpiga, na wa kesho ungempiga jicho lililobaki.

"Hapana, Kioko. Nisingekuchagua."

Aliitikia kwa kichwa, kama fundi anayeambiwa kipimo ambacho tayari alikuwa amekipima mwenyewe.

"Sawa. Nilitaka kusikia kwako. Wengine wananiambia tutaona, tutaona."

Nikamwambia kuhusu kazi ya usaidizi. Akasema asante, labda baadaye, kwa sasa hawezi kukaa karibu na mpira. Alivua viatu, akaviweka kwa begi langu la mipira, akaenda zake na ndala.

Hajarudi bado. Viatu ninavyo. Nimewapa vijana wengine kila kitu kilichomo ndani ya lile begi, lakini hivyo sijampa mtu.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi makocha tunapima mbio, mikono, urefu, na tunajivunia jicho letu la kuchagua. Siku hizi kila mazoezi, kabla sijagusa mpira, nawapanga vijana na kuwauliza kazini kulikuwaje, na nawaangalia usoni mmoja mmoja. Aliyeumia namwambia nafasi yake haiendi popote, na nasema kwa sauti ili wote wasikie. Na kama una fundi nyumbani, mwambie chuma cha jicho ni cha hospitali, siku ile ile. Leso ya mzee ina nia njema, lakini ni leso.

Karibuni mchangie. Mafundi mlio humu, kwa karakana yenu ni nani huwatoa chuma? Na nyie mnaojua watu: ningemjibu vingine? Semeni ukweli, hata ukiwa mkali. Yeye aliuomba, na mimi nauomba.