Hotuba Niliyomwandikia Mzee Gesabo

Naomba niwasimulie mwenyewe, maana najua waliokuwepo Morotonga siku ile wameshaanza kuwasimulia kwa kuongeza chumvi, na aibu yangu mimi haihitaji chumvi hata punje, inajitosheleza. Mimi ndiye mkurugenzi wa lile shirika letu dogo la pale Turwa linalosaidia watoto wenye disleksia, yaani wale ambao akili wanazo, tena za kutosha, ila herufi zinawachezea, akiandika b inageuka d, akisoma mstari mmoja anatoka jasho kama aliyelima ekari. Kazi yangu ni kuwatambua. Nimesomea. Cheti nimekitundika ofisini juu ya kiti changu ili kila anayeingia akione kabla hajaniona mimi, na nikianza kueleza mambo ya utambuzi wa mapema huwa natumia sauti fulani hivi ya kipadri. Sasa mtu huyo huyo, na cheti chake, ndiye aliyefanya nilichofanya.

Mwenyekiti wa bodi yetu ni Mzee Gesabo, mfugaji wa Itiryo. Na niseme wazi kwamba shirika ni lake kuliko langu, maana yeye ndiye aliyelianzisha na wazazi wenzake baada ya mjukuu wake Boke kuchapwa darasa la tatu miaka miwili mfululizo kwa kosa la kutojua kusoma, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia watu watoto wao si wajinga, na mimi nikaja baadaye, mwalimu niliyehamishiwa Tarime kutoka Kilimanjaro, nikakuta kila kitu kimesimama, nikapewa kiti nikakaa. Badala ya kushukuru nikaanza kumdharau. Simaanishi kwamba nilimtukana, hapana, shikamoo nilimpa kila siku na kiti cha mbele nilimpa, lakini moyoni nilikuwa namuona pambo tu, mzee wa koti na fimbo.

Kwenye vikao alikuwa na tabia zilizonikera. Miwani kasahau nyumbani, kila kikao, utadhani nyumba yake inakula miwani. Ukimpa muhtasari anaukunja, anasema, "Madamu, anza kusoma wewe, sauti yako inasikika." Ukishasoma mara moja anaendesha kikao chote bila kufungua karatasi, na ukikosea anakurekebisha: "Hapana, hilo tulilisema kikao cha mwezi wa pili, alilisema Mama Robi akiwa amekaa pale dirishani." (Mama Robi ni mjumbe anayewakilisha wazazi, mtamsikia.) Wakati wa kusaini anauliza, "Wapi?" na mimi naweka kidole. Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba yule mzee ni mvivu wa kutupwa, hata karatasi moja hafungui. Mvivu! Nilisema hivyo huku nikila ugali wangu kwa raha kabisa.

Basi, ikafika siku ya mkutano wa wazazi kule Morotonga, jirani na Mugumu, ambako tulitaka kufungua kituo cha pili. Walikuwa wanakuja wageni wa mfadhili na maofisa wa elimu, na wao ndio wangeamua kama kituo kinafunguliwa au watoto wa Serengeti waendelee kuitwa mbumbumbu. Mimi hofu yangu ilikuwa moja tu, Mzee Gesabo asije akasimama akaongea kwa mdomo kama kawaida yake, akaanza na habari za ng'ombe aliyepotea akamaliza na habari za ng'ombe aliyepatikana. Nikaamua (ndiyo uamuzi wenyewe huu, mdogo kabisa, ungeweza kuukanyaga usiuone) kumwandikia hotuba.

Kurasa mbili. Na kwa kuwa nilikuwa naandika kwa niaba ya mtu mwingine, nikajikuta mkono umekuwa mwepesi, nikamwandikia aseme: "Nitakuwa mwizi wa fadhila nisipomtaja Mkurugenzi wetu, mama mwenye maono, taa ya wilaya hizi mbili, ambaye kwa jicho lake makini hakuna mwenye shida anayeweza kupita mbele yake bila kuonekana." Niliisoma nikaipenda. Nikaichapisha kwa herufi kubwa, na nakala nyingine nikawapa wageni mapema, kwa sababu ndivyo itifaki inavyotaka, nani aliniambia itifaki inataka hivyo sikumbuki.

Asubuhi ile nikamkabidhi mzee karatasi nje ya ukumbi wa kanisa tuliouazima. Akaishika.

"Madamu, mimi huwa naongea tu."

"Leo kuna wageni, mzee. Utasoma."

Akaigeuza, akaitazama upande wa pili. "Inasemaje?"

Na mimi, ambaye kama ningemsomea mara moja tu angeishika yote kichwani neno kwa neno, nikamjibu huku natazama saa, "Ukiisoma utajua."

Nikaingia ndani kufundisha. Kipindi cha kwanza kilikuwa changu, nikabandika lile bango letu la dalili ukutani na nikawaambia wazazi, kwa sauti yangu ya kipadri, kwamba wapo hata watu wazima wenye shida hii, wanaishi nayo kimya, utawajua kwa visingizio, kwa kuomba wenzao wawasomee, kwa kumbukumbu kali isiyo ya kawaida, na mkimuona mtu wa namna hiyo msimcheke, mshikeni mkono. Watu wakapiga makofi. Afisa mmoja akaandika. Nilikaa nimejaa kama puto.

Mshereheshaji akamwita mwenyekiti. Mzee Gesabo akasimama, akakunjua karatasi, akaiangalia. Akaiangalia tena. Huko nje kuku wa mchungaji wa kanisa wakawa wanasikika. Akajipapasa mifuko ya koti.

"Miwani nimesahau Itiryo," akasema.

Hapo mtu mwenye akili angesimama akasema, mzee, ongea tu bila karatasi. Mimi nikaruka kutoka kwenye kiti changu kama niliyeitwa kuokoa taifa. "Hakuna shida, mzee!" Nikapita mstari wa mbele nakusanya miwani. Nikachukua ya afisa elimu, nikampelekea, akaivaa, akatazama karatasi, akasema hii inakataa. Nikachukua ya mchungaji. Nayo ikakataa. Nikachukua ya mgeni mmoja mama, ya rangi ya waridi yenye vimetameta pembeni, na mzee wa watu akaivaa, na fimbo yake na koti lake na hadhi yake yote, akasimama mbele ya watu zaidi ya mia moja na vimetameta machoni. Wageni wakaanza kutabasamu. Na mimi, kuona wanatabasamu, nikanogewa, nikachukua kipaza sauti.

"Mwenyekiti wetu ana utani," nikasema. "Herufi hizo nimezikuza mpaka mtoto wa darasa la pili angezisoma akiwa anakimbia."

Wageni wakacheka. Maofisa wakacheka. Nyuma walikokaa wazazi hakuna aliyecheka, na sikujiuliza kwa nini, nilidhani hawajasikia vizuri.

Mama Robi akanyoosha mkono, kisha akasimama bila kungoja kuruhusiwa.

"Madamu, samahani, labda mimi somo lako sikulielewa," akasema, polepole, kama mtu anayeuliza kweli. "Asubuhi umetuambia anayetoa visingizio, anayeomba asomewe, anayeshika kila kitu kichwani. Ukasema tusimcheke. Sasa huyu tumfanyeje?"

Nilitazama bango. Nikamtazama mzee. Nikatazama bango tena, na kila mstari wa bango lile, niliouandika mimi mwenyewe na kuukariri miaka yote hiyo, ulikuwa umevaa koti na miwani ya waridi. Miaka miwili nimekaa naye meza moja! Nimeweka kidole penye kusaini, kwa mkono wangu huu! Hata bundi angeona mchana kabla yangu. Na kipaza sauti bado nimekishika, kinanguruma, maana nilikuwa nahema ndani yake.

Mzee Gesabo akavua miwani, akaikunja taratibu, akaenda kumrudishia yule mama kwa mikono miwili. Kisha akarudi.

"Kaa, Mama Robi," akasema. "Umeuliza vizuri, nitajibu mwenyewe. Macho yangu ni mazima, naona ng'ombe wangu kilima cha pili na namjua ni nani. Kusoma ndiyo sijui. Nilikaa darasani miaka minne, mwalimu akanipiga mpaka nikakimbilia kuchunga, na ng'ombe hawakuniuliza herufi. Boke alipoanza kupigwa nilijua anaumia wapi. Ndiyo maana niko hapa."

Nikadhani yameisha, nikaanza kurudi kinyumenyume kwenye kiti changu.

"Lakini hotuba imeshaandikwa," akaendelea, "na wageni wametoka mbali. Madamu, njoo unisomee."

Nikasoma. Mnajua nilichokuwa nakwenda kukutana nacho chini ya ukurasa wa kwanza, nami nilijua, na nilipokikaribia nikakiruka, nikaanza moja kwa moja ukurasa wa pili kama vile hakuna kitu. Afisa elimu, ambaye alikuwa anafuatilia kwenye nakala yake kwa kidole, mtu mwaminifu kabisa asiye na ubaya wowote, akainua mkono. "Mkurugenzi, umeruka aya moja."

"Isome yote," mzee akasema. "Ni maneno yangu."

Basi nikasimama pembeni ya yule mzee nikajisomea kwamba mimi ni mama mwenye maono. Nikasoma taa ya wilaya hizi mbili. Nilipofika kwenye jicho makini ambalo hakuna mwenye shida anayeweza kupita mbele yake bila kuonekana, nikakwama katikati ya neno kama mtoto wetu yeyote wa Turwa, na kutoka nyuma mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kirefu, na safari hii wazazi ndio waliocheka. Walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Mzee peke yake hakucheka. Alisubiri nimalize, akasema, "Ameandika vizuri," na mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Halafu akaongea bila karatasi, na ng'ombe wake wote wawili wakiwemo, aliyepotea na aliyepatikana, na wageni wakasikiliza wameinamia mbele. Kituo kilikubaliwa pale pale. Wazazi wakapanga foleni kuandikisha watoto, na dereva mmoja wa bodaboda akamvuta mzee pembeni akamuuliza kama watu wazima wanapokelewa. Mimi hakuna aliyeniita kutoa neno la shukrani. Nilipanga viti.

Siku ya tatu nikaenda Itiryo kuomba radhi. Nikampa shikamoo, akaniitikia, mkewe akaniletea maziwa ya mgando, tukakaa. Nikaomba radhi, akasema yameisha. Tukakubaliana ajenda za vikao nitamsomea kwa simu mapema, na wajumbe wote watasomewa, ili isionekane ni yeye. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na mimi kwa kutojua kunyamaza nikauliza.

"Lakini mzee, miaka miwili yote, mbona hukuniambia? Si ndiyo kazi yangu?"

Akatazama huko ng'ombe walipokuwa. "Nilikuja kukuambia. Mwaka wa kwanza huo. Nikakukuta ofisini na yule binti wa mapokezi mmeshika barua ya mwenyekiti wa kijiji fulani, alikuwa amekosea maneno, mnacheka mpaka unajifuta machozi. Nikasimama mlangoni kidogo. Nikarudi nyumbani."

Nimejaribu kuikumbuka siku hiyo. Nimejaribu kwa nguvu zote, na siikumbuki, na hilo ndilo linaloniuma kuliko miwani na kigelegele na taa ya wilaya mbili, kwa sababu maana yake ni kwamba barua kama hizo tulizicheka nyingi mno hata moja haikubaki kichwani. Basi nimeapa, na binti wa mapokezi nimemwapisha: pale ofisini hatucheki tena mwandiko wa mtu yeyote. Juzi imeletwa barua ya diwani. Ukurasa mzima, nukta moja tu, na neno "disleksia" kaliandika kwa namna tano tofauti. Niliingia chooni, nikafunga mlango, nikang'ata kitambaa mpaka kicheko kikapita, nikatoka nikamjibu kwa heshima.