Gari la Karani na Betri Isiyoshiba

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mtu mwenye baiskeli pale Kihanga aliitwa tajiri. Mwenye gari hakuitwa chochote, maana hakuwapo. Kisha bwana wangu akanunua moja. Alikuwa karani mkuu wa baraza, mzaliwa wa Muleba, Mlutheri wa benchi la mbele, na alilinunua kwa Mzungu wa migodi ya bati kule Kyerwa aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa gari la Kimarekani, pana, jeusi, lililokwisha kuzeeka kabla halijafika kwetu. Mimi nilikuwa nimejifunza udereva na ufundi kidogo jeshini wakati wa vita, nikaajiriwa kuliendesha. Nilijiona nimefika.

Asubuhi ya nne nikabonyeza stata, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Betri haikuwa na kitu. Chuma cha kuzungushia injini kwa mkono Mzungu alikwisha kukipoteza zamani, kwa hiyo ilibidi gari lisukumwe. Likasukumwa, likawaka, tukatembea siku nzima na betri ikajaa. Siku mbili baadaye, asubuhi, ikawa tupu tena. Mchezo ukawa huo, wiki baada ya wiki.

Bwana wangu hakushuka hata mara moja. Alisema karani mkuu akionekana nyuma ya gari anasukuma, serikali nzima itakuwa imeinama. Alikaa kiti cha abiria na kofia yake kichwani, akitoa mkono dirishani na kuhimiza, "Kwa umoja, jamani! Kwa umoja!" Watu waliokuja barazani na kesi zao za mipaka ya migomba waliambiwa wasukume kwanza, wasikilizwe baadaye. Namkumbuka mzee mmoja aliyeshinda kesi ambayo kila mtu alijua hana haki. Alikuwa na mabega mapana.

Nilimshauri tulilaze gari juu ya mteremko, asubuhi liteleze lenyewe liwake. Milima tunayo ya kutosha. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Gari langu lilale mlimani kama mbuzi aliyepotea?"

Hapana. Lililala kwake, jirani na kanisa, katika banda la udongo lililoezekwa nyasi, lisilo na dirisha, na mlango wake alikuwa akiufunga mwenyewe kwa kufuli kila magharibi. Ufunguo wa kufuli aliuvaa shingoni. Hakutaka hata mkewe aushike.

Kitu kingine alichokishika kwa mkono wake mwenyewe ni kahawa. Gari, alisema, ni nyumba inayotembea, na kwetu mgeni haingii nyumbani asipewe kahawa ya kutafuna. Basi katika kile kisanduku chenye kifuniko kilichoko mbele ya abiria aliweka akaibo, kikapu kidogo cha kahawa, na kila aliyepanda alitafuna kwanza. Wengine walitafuna, wakashukuru, wakashuka kusukuma.

Chini ya barabara palikuwa na duka la Mwislamu mmoja ambaye babu yake alitoka pwani. Alikuwa na redio, na redio yake ilitumia betri ya gari. Jioni watu walijaa pale kusikiliza habari, nami nikiwamo, maana chumba changu kilikuwa nyuma ya duka. Bwana wangu akajumlisha mambo hayo mawili.

"Betri yangu inakufa usiku, redio yake inasema jioni," aliniambia. "Mimi si mtoto mdogo. Unampelekea betri yangu."

"Mzee, ufunguo wa banda uko shingoni mwako."

"Ndiyo maana nasema wewe ni mwizi hodari."

Mwenye duka aliposikia alichukia kweli. "Betri yangu naipeleka Bukoba kutiwa moto kwa fedha yangu," alisema. "Mwambie bwana wako aje aione. Na hilo gari lenu alifukize ubani, lina kijicho." Bwana wangu hakwenda kuiona. Alitoa amri tu: Jumapili baada ya ibada gari lisipowaka lenyewe, nirudishe funguo, naye atawatangazia watu sababu.

Kazi ningeweza kutafuta nyingine. Lakini nilikuwa nimeposa kijiji cha Kanoni, kwa mzee wa kanisa ambaye husali kwetu, na alipopokea posa alinionya waziwazi: "Binti yangu simpi mtu mwenye jina bovu." Msichana huyo nilimpenda. Nasema hivyo bila kuona haya, ingawa siku zile mwanaume hakusema.

Jumamosi mchana nikaomba nifunguliwe banda. Bwana wangu akaja na kigoda, akaketi mlangoni kunilinda nisiibe wakati namtafuta mwizi. Nikalegeza waya mmoja wa betri, nikautoa, kisha nikaugusisha tena kidogo. Cheche ikaruka. Nikafurahi, maana injini imezimwa, taa zimezimwa, swichi imezimwa, na bado kuna kitu ndani ya gari kinakula moto. Nikafungua waya wa honi, nikagusisha: cheche. Wa taa za nyuma: cheche. Wa dainamo, ambao ndio niliushuku kuliko zote: cheche vilevile. Nilipoufikia waya uendao upande wa abiria na kuutoa, nikagusisha betri, kimya. Hakuna kitu.

Nikarudisha nyaya zote mahali pake. "Mzee," nikasema, "tuingie garini, tufunge mlango wa banda."

Alisita, lakini aliingia. Tukakaa gizani bega kwa bega, naye anahema. Mbele ya magoti yake, kwenye ukingo wa kile kifuniko, palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kitaa ambacho hakuna aliyetuambia habari zake, kinachowaka kifuniko kikifunguliwa. Mchana hakikuonekana. Na kifuniko kilikuwa hakijafunga sawasawa tangu siku ile ya kwanza, kwa sababu kikapu kilizidi kwa upana wa kidole kimoja.

Nikatoa kikapu, nikafunga. Giza. Nikakirudisha, mwanga. Bwana wangu akajaribu mwenyewe, mara tatu.

"Kwa hiyo ni kahawa," alisema.

"Ni kahawa, mzee."

"Kahawa ya nyumba yangu."

Akakitia kikapu kwenye mfuko wa koti, akatoka, akafunga kufuli.

Jumapili watu walitoka ibadani wakaanza kuvua makoti bila kuambiwa, kama ilivyokuwa desturi. Nikabonyeza stata mara moja tu, gari likanguruma. Wengine walionekana kama wamenyang'anywa kitu. Ndipo bwana wangu akapanda kwenye ubao wa kukanyagia chini ya mlango wa gari, akavua kofia.

"Ndugu zangu, mmeteseka sana kwa ajili ya betri hii. Jana dereva wangu amekiri. Nami kama Mkristo nimemsamehe, abaki na kazi yake."

Watu wakaguna, kisha wakapiga makofi. Mzee wa Kanoni alikuwa mbele kabisa, ananitazama. Bwana wangu akainama dirishani na kuninong'oneza, "Sema asante." Niliwaza kwamba nikimkana nitapoteza kazi palepale, na nani atamwamini dereva mbele ya karani? Kazi ikienda, na posa imekwenda.

"Asante, mzee," nikasema kwa sauti.

Mwenye duka hakunitoza kodi zaidi wala hakunifukuza chumbani. Aliacha tu kuitikia shikamoo yangu. Nilistahili, maana kwa asante ile nilikuwa nimemfanya yeye mpokeaji wa mali ya wizi.

Mzee wa Kanoni alikuja Jumanne. Nilijua anarudisha posa. Akaketi, akanywa maji, akasema, "Nimefikiri. Waaminifu wa miguu tunao wengi Kanoni. Mwizi mwenye gari nimempata mmoja." Harusi ikafungwa baada ya mavuno ya kahawa.

Siku chache baada ya kumleta mke wangu nyumbani, nilimsimulia yote: cheche, kifuniko, mzee akikijaribu mara tatu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka.

"Mbona hukusema siku ile pale kanisani?"

"Niliogopa kukukosa."

"Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya baba," alisema. "Nilijua hukuiba. Nilikuwa nangoja useme. Baba angekukataa, ningekufuata Kihanga kwa miguu."

Huko barabarani, nilikoliegesha gari, honi ikalia. Bwana wangu alikwisha kuketi garini. Nikachukua kofia yangu, nikaenda.